Kompyuta Mpya Ikikataa Kupokea Mfumo Endeshi: Tafuta Ilipokwama Kabla ya Kununua Kipuri

Si jambo geni siku hizi, mjini Wote, Kitui au Mwingi, kumkuta mkazi aliyejiundia kompyuta ya nyumbani kwa mikono yake. Vipuri hununuliwa kimoja kimoja kadiri pesa zinavyopatikana: mwezi huu kasha na pawa saplai, mwezi ujao bodi mama na prosesa, kisha diski na vijiti vya RAM. Vingi hutoka Nairobi, katika maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya karibu, na kufika nyumbani kwa basi. Kwa njia hii mtu hupata mashine ya kufanyia kazi za mtandaoni, masomo ya watoto au biashara ya saiba bila kulipa bei yote kwa siku moja.

Tatizo huja siku ya mwisho. Vipuri vimefungwa, umeme umewashwa, lakini mfumo endeshi haukubali kuingia. Skrini inabaki nyeusi, au inaandika ujumbe wa Kiingereza usioeleweka, au mashine inazima katikati ya kazi. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Mtu huambiwa kuwa bodi imeungua, ananunua nyingine, analipa nauli ya kwenda na kurudi Nairobi, kisha anakuta kasoro ni ile ile.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna kipuri kilichokufa. Kuna waya uliosahaulika, flashi isiyotengenezwa vizuri, au mpangilio mmoja unaohitaji kubadilishwa. Anayejua mashine imekwama hatua gani huokoa muda na pesa. Somo hili linaeleza namna ya kuitambua hatua hiyo.

Milango mitano

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoviunganisha vipuri vyote na kuviamuru vifanye kazi. Windows ni mfumo endeshi, na Ubuntu ni mwingine. Usakinishaji wake hupita katika milango mitano, mmoja baada ya mwingine:

1. Mashine inawaka na kuonyesha picha.
2. Mashine inaiona flashi na kuanza kuisoma.
3. Programu ya usakinishaji inaiona diski.
4. Faili zinanakiliwa hadi mwisho.
5. Mashine inawaka yenyewe bila flashi.

Mashine iliyokwama mlango wa tatu imeshapita wa kwanza na wa pili. Kwa hivyo hakuna haja ya kununua pawa saplai mpya kwa sababu diski haionekani. Kanuni ni mbili. Kwanza, badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu tena. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kilichotibu ni kipi. Pili, andika katika daftari kila kilichojaribiwa, na upige picha kwa simu kila ujumbe wa hitilafu jinsi ulivyo.

Kabla ya kuanza: umeme na faili

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani au zilizotoka nchi kama Marekani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye nambari 115 na 230. Swichi hiyo lazima iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka waya ukutani. Ikiwa kwenye 115, pawa saplai inaweza kuungua papo hapo. Kisanduku cha pawa saplai chenyewe kisifunguliwe kamwe, kwani ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba huja na radi na kukatika kwa umeme. Usakinishaji usianzishwe mawingu yakiwa yametanda. Umeme ukikatika wakati faili zinanakiliwa, kazi itabidi ianze upya. Ukikatika wakati BIOS inasasishwa, bodi mama yenyewe inaweza kukataa kuwaka tena. Mwenye UPS, yaani betri ya akiba, aitumie.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wengi hufunga katika mashine mpya diski waliyoitoa kwenye kompyuta ya zamani, yenye picha za familia, rekodi za chama au vyeti vilivyoskaniwa. Programu ya usakinishaji ikiambiwa ifute diski, hufuta bila kujali kilichomo. Kipuri hununuliwa tena, lakini picha ya marehemu mzazi hainunuliki. Kwa hivyo faili zinakiliwe kwanza mahali pengine, na diski hiyo ichomolewe kabisa mpaka kazi iishe. Ndani ya kasha ibaki diski moja tu, ile inayopokea mfumo endeshi.

Mlango wa kwanza: mashine haionyeshi picha

Kabla ya kugusa chochote ndani, mashine izimwe, waya wa ukutani uchomolewe, na mtu aguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Kisha akague mambo haya kwa mpangilio.

Bodi mama hupokea umeme kwa nyaya mbili tofauti: ule mpana wa pini 24, na ule mdogo wa prosesa, ambao kwa kawaida ni wa pini 8 na hukaa pembeni juu karibu na prosesa. Huu wa pili husahaulika sana. Feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini skrini itabaki nyeusi.

Vijiti vya RAM hubonyezwa mpaka vilio "tak" na vishikio vijifunge. Bodi ikiwa na nafasi nne na vijiti ni viwili, mara nyingi huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu cha bodi kitathibitisha. Picha isipoonekana, kibaki kijiti kimoja, mashine ijaribiwe, kisha kijaribiwe cha pili peke yake.

Waya wa skrini nao una siri yake. Mashine yenye kadi ya picha huunganishwa na skrini kupitia kadi hiyo, si kupitia tundu la bodi mama. Tena, prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina uwezo wa picha ndani yake. Mwenye prosesa ya namna hiyo bila kadi ya picha hatapata picha hata vipuri vyote vikiwa vizima.

Uvumilivu pia unahitajika. Mashine mpya zinazotumia RAM aina ya DDR5 zinaweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi mara ya kwanza, zikijipima kumbukumbu. Anayezima kila baada ya nusu dakika huirudisha kazi hiyo mwanzo.

Mlango wa pili: flashi haisomwi

Skrini ikiandika "No bootable device" au maneno ya aina hiyo, mashine inasema haijapata pa kuanzia. Kwa kompyuta mpya ambayo diski yake ni tupu, huo si ugonjwa. Inaisubiri flashi.

Kosa la kawaida ni kupakua faili ya mfumo endeshi, ile inayoishia na ".iso", na kuinakili kwenye flashi kama wimbo au picha. Flashi ya namna hiyo haiwezi kuwasha mashine. Inatakiwa itengenezwe kwa programu maalumu: Media Creation Tool ya Microsoft kwa Windows, au Rufus, ambayo hutumika kwa Windows na Linux pia. Flashi iwe na angalau gigabaiti 8, na ieleweke kuwa kila kilichomo kitafutwa. Asiye na kompyuta ya pili anaweza kuitengeneza kwenye saiba au kwa rafiki.

Faili za Windows 11 na Ubuntu huzidi gigabaiti 5 kila moja, na intaneti ikikatika katikati, faili inaweza kufika ikiwa na dosari. Ndiyo maana Ubuntu huchapisha katika tovuti yake alama ya uhakiki ya herufi na tarakimu 64 kwa kila faili. Katika kompyuta ya Windows, mtu huandika amri "certutil -hashfile", kisha jina la faili, kisha "SHA256". Alama itakayotokea ikitofautiana na ya tovuti hata kwa herufi moja, faili ipakuliwe upya. Flashi nayo ishukiwe. Sokoni kuna flashi bandia zinazodai gigabaiti 64 kumbe zinabeba chache tu. Programu ya bure iitwayo H2testw huzifichua.

Flashi ikiwa sawa, mashine iwashwe huku kitufe cha menyu ya kuanzia kikibonyezwa mara kadhaa. Kutegemea bodi, kitufe hicho huwa F8, F11, F12 au Esc. Del au F2 hufungua BIOS. Flashi ikionekana mara mbili katika orodha, ichaguliwe ile iliyoandikwa "UEFI" mbele ya jina. Uchaguzi huu huzuia tatizo moja la mlango unaofuata.

Mlango wa tatu: diski haionekani au inakataliwa

Hapa kuna matatizo matatu yanayofanana kwa nje lakini yenye tiba tofauti.

La kwanza ni diski isiyoonekana hata ndani ya BIOS. Diski ya SATA huhitaji nyaya mbili, wa data na wa umeme. Mmoja ukilegea, diski haipo. Diski ndogo ya M.2 inayolala juu ya bodi huja kwa aina mbili, SATA na NVMe, na si kila nafasi hupokea zote. Katika baadhi ya bodi, diski ya M.2 ikiwekwa nafasi fulani, tundu mojawapo la SATA huzimwa. Kijitabu cha bodi ndicho huamua.

La pili ni diski inayoonekana katika BIOS lakini Windows inasema "We couldn't find any drives". Hili hutokea sana kwa mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kwa sababu ya mpangilio uitwao VMD. Tiba ni mbili: kuweka draiva ya Intel kwenye flashi na kuipakia kwa kitufe cha "Load driver", au kuzima VMD katika BIOS. Njia ya pili inafaa kwa mashine mpya ambayo diski yake bado ni tupu.

La tatu ni diski inayoonekana lakini Windows inaikataa ikisema ina jedwali la MBR, ilhali yenyewe inataka GPT. Hiyo ni miundo miwili ya kugawa diski. MBR ni wa zamani na hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2; GPT ndio unaoendana na UEFI. Ikiwa diski haina faili za kuhifadhi, sehemu zake zote zifutwe ndani ya programu ya usakinishaji, kisha ichaguliwe nafasi tupu. Ikiwa ina faili, kazi isimame hapo mpaka zinakiliwe pengine.

Wanaosakinisha Windows 11 wanaweza pia kuambiwa kuwa kompyuta haikidhi masharti. Mfumo huo unataka prosesa ya biti 64 iliyo katika orodha ya Microsoft, RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, UEFI yenye Secure Boot, na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Katika bodi nyingi za karibuni TPM ipo ila imezimwa. Ndani ya BIOS hutafutwa kwa jina la PTT kwa Intel, au fTPM kwa AMD, na kuwashwa. Lakini prosesa ikiwa ya zamani mno, kuwasha TPM hakutasaidia. Kurudi Windows 10 nako si suluhisho la kudumu, kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine ya aina hiyo anaweza kutumia Ubuntu 24.04, ambayo ni ya bure na hupata masasisho ya usalama hadi 2029.

Mlango wa nne: inakwama katikati

Ikikwama, iangaliwe ni asilimia ngapi, kisha ijaribiwe tena. Ikikwama mahali pale pale kila mara, flashi au faili ndiyo ya kushukiwa kwanza. Itengenezwe flashi nyingine na itumike tundu tofauti la USB, ikiwezekana la nyuma ya mashine. Ujumbe unaosema "A media driver your computer needs is missing" nao mara nyingi hutokana na flashi mbovu au tundu.

Ikikwama mahali tofauti kila mara, au ikizima ghafla, RAM na joto vishukiwe. Mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, uitwao XMP au EXPO, uzimwe katika BIOS. Kisha RAM ipimwe kwa Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, iachwe ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kumrudishia muuzaji kijiti hicho.

Joto la Kibwezi au Mutomo mchana si la kupuuzwa. BIOS huonyesha kiwango cha joto cha prosesa. Kikipanda haraka kuelekea nyuzi 90 mashine ikiwa haifanyi kazi yoyote, chuma cha kupoza hakijakaa vizuri, karatasi ya nailoni iliyokuwa chini yake haikubanduliwa, au feni haikuunganishwa.

Mlango wa tano: inarudi mwanzo

Faili zikishanakiliwa, mashine hujizima na kuwaka upya. Ikifungua tena ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, inaisoma flashi badala ya diski. Flashi ichomolewe wakati huo, au diski iwekwe ya kwanza katika mpangilio wa kuanzia.

Windows 11 ya nyumbani hudai intaneti kabla ya kumaliza, na huenda draiva ya Wi-Fi haipo bado. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwashwa kipengele cha kushiriki intaneti, kompyuta hupata mtandao. Bando liangaliwe, kwani masasisho ni makubwa. Saa na tarehe nazo zikaguliwe. Tarehe isiyo sahihi hufanya tovuti salama zikatae kufunguka. Ikirudi nyuma kila mashine inapochomolewa ukutani, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imeisha, na hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Programu za kuvunja leseni zinazosambazwa kwenye flashi ziepukwe. Nyingi hubeba virusi vinavyoiba manenosiri, na mwenye mashine hiyo huenda akaitumia kesho kuingia katika akaunti yake ya benki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo hulinda programu za kompyuta.

Mifano miwili ya kujipima

Mfano wa kwanza. Windows inasema haioni diski. Mwenye mashine anawasha flashi ya Ubuntu na kuchagua kuijaribu bila kusakinisha. Ubuntu inaiona diski na kuisoma vizuri. Je, anunue diski mpya? Hapana. Diski na nyaya zake zinafanya kazi. Kinachokosekana ni draiva upande wa Windows. Arudi kwenye VMD.

Mfano wa pili. Usakinishaji ulikwama kwenye asilimia 14 asubuhi, 60 mchana na 35 jioni, flashi ikiwa ni ile iliyosakinisha vizuri kompyuta ya jirani. Je, abadilishe flashi? Hapana, bado. Mahali pa kukwama panabadilika na flashi imeshathibitishwa kwingine. Aanze na RAM, kijiti kimoja kimoja, kisha joto.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Baadhi ya kasoro huhitaji vifaa vya kupimia ambavyo mkazi hana. Anayekwenda kwa fundi abebe daftari lake, picha za ujumbe wa hitilafu na risiti za vipuri. Amweleze mlango ambao mashine imekwama, na wakubaliane malipo kabla ya kazi kuanza. Akiambiwa kipuri kimekufa, aombe kijaribiwe katika mashine nyingine akiwa anaona, na kipuri cha zamani kirudishwe kwake. Diski yenye faili za familia ibaki nyumbani.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na maelezo ya kumwezesha kuzitumia. Risiti ndiyo ushahidi wake wa kwanza. Iwekwe pamoja na kasha la kipuri mpaka muda wa dhamana uishe.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii kuwa riziki, vituo vya mafunzo ya ufundi, vilivyokuwa vikijulikana kama vyuo vya ufundi vya vijijini, viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Aulize katika kituo kilicho karibu naye kama kozi ya kompyuta inatolewa na masomo huanza lini.